Je, Mtoa Habari wa Polisi ni Yuda?



Juzi baada ya mazoezi ya kwaya kijana mmoja alinivuta pembeni. "Frateri, nikiwatajia polisi jamaa anayewauzia wadogo zetu dawa za kulevya, halafu nikapewa hela, si nitakuwa Yuda?" Nilicheka, lakini usiku ule sikulala vizuri.

Mtaani tunasema "kumchoma mwenzako". Hebu tutofautishe kidogo. Yuda alipokea vipande 30 vya fedha akamtoa asiye na hatia. Anayesema ukweli ili watoto wasiangamie, huyo anawalinda. Hela haigeuzi ukweli kuwa usaliti, ila inaweza kumvuta mtu aseme uongo.

Halafu kuna hatari upande wa polisi wenyewe. Kule Boston, Marekani, FBI ilimwandikisha jambazi James Bulger kuwa mtoa habari mwaka 1975, ili awasaidie kuivunja Mafia. Malipo yake makubwa yalikuwa kulindwa. Mwaka 1982 mtu mwingine alikwenda FBI kumtaja Bulger. Siri ikavuja. Akapigwa risasi akafa, pamoja na rafiki aliyekuwa anampa lifti tu. Mwishoni mwa 1994, John Connolly, ofisa aliyekuwa akimsimamia Bulger, alimtonya kwamba anakaribia kushtakiwa, naye akatoroka. Alikamatwa 2011, na mwaka 2013 akatiwa hatiani kwa kuhusika na mauaji ya watu 11. Connolly naye alifungwa.

Unaona, jamani? Ili kulivunja genge moja, walilifumbia macho jingine. Katekisimu, namba 1756, inatufundisha kwamba hairuhusiwi kutenda uovu ili jema lipatikane. Kumlipa mtu kwa ukweli wake, sawa. Kumlipa kwa kuacha wengine wauawe, hapana.

Basi nikamrudia yule kijana na maswali matatu. Unachosema umekiona, au umekisikia tu? Ungekisema hata bila hela? Na huyo utakayemwambia, anatunza siri? Maana ukweli ukimfikia mtu asiye mwaminifu unaweza kumuua aliyeusema.

Alinyamaza kidogo. "Frateri, la pili ndilo gumu."

Hata kwangu ni gumu, ndugu yangu. Tumwombe Roho Mtakatifu atupe ujasiri wa kusema kweli, na moyo usiopimwa kwa bei. Amina.