Mtoto Ana Kosa Gani?

Katika pwani yetu ya Msimbati tumeona wavuvi wakiyeyusha risasi ya betri kuukuu za motokaa katika mafiga ya jikoni, wapate chubwi za mishipi na nyavu. Moshi huingia nyumbani, na vumbi lake hukaa mchangani wanapocheza watoto. Baadaye, mtoto akionekana mzito wa kujifunza, watu hunong'ona: ni laana ya ukoo, baba yake alitenda jambo. Nasi twauliza, je, ndivyo?

Elimu ya siku hizi yafundisha hivi. Ndani ya mwili wa kila mtu zimo jeni alizorithi kwa baba na mama, mfano wa kitabu cha maagizo. Lakini si kila ukurasa husomwa kila wakati. Mwili hutia alama, ukurasa huu ufunguliwe, huu ufungwe. Risasi huweza kuzivuruga alama hizo, ijapokuwa maneno ya kitabu ni yale yale. Tena huudhuru ubongo unaokua. Wakimeza kiasi kimoja, mwili wa mtoto mdogo hufyonza mara 4 au 5 kuliko wa mtu mzima. Nayo hukaa mifupani miaka mingi. Mama achukuapo mimba hurudi damuni, ikamfikia mtoto tumboni.

Basi si laana, ni sumu. Lakini mtu asiseme, "Kumbe hakuna mwenye hatia." Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwadhuru watu wa kijiji. Mama mmoja, Phyllis Omido, ambaye mwanawe alipatwa na sumu hiyo, aliwatetea. Na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliirudisha hukumu ya mwaka 2020, walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mahakama haikuuliza mababu wa watoto wale walitenda nini. Iliuliza ni nani waliopaswa kuwalinda.

Aliyeyeyusha kwa kutojua, hatumhukumu. Bali aliyekwisha kujua, akarudia, mzigo ni wake.

Kwa hiyo, enyi walimu na wazee, waambieni watu: betri zisiyeyushwe nyumbani, mawe yaliyotobolewa huzamisha nyavu vilevile. Watoto wapewe dagaa na mboga za majani, maana chakula chema huupunguzia mwili kufyonza risasi. Na mtoto aliyedhurika asiitwe mlaaniwa. Akalishwe karibu na mwalimu, afundishwe kwa saburi. Deni hilo ni letu sisi wakubwa.