Nani Hukipima Kipimo?

Mwenye duka aweza kuwa mwaminifu, na bado akawapunja wateja wake mchana kutwa kwa mizani mbovu asiyoijua. Nia njema hainyoshi kipimo kilichopotoka. Basi nani hukipima kipimo?

Tuitazame darubini ya Hubble, iliyorushwa angani mwaka 1990. Kioo chake, chenye upana wa mita 2.4, kilisuguliwa kwa ustadi mkubwa, lakini kwa umbo lisilo sahihi. Chombo kilichotumika kukipima kilikuwa na lenzi iliyokosa mahali pake kwa milimita 1.3. Vipimo vingine vilitoa onyo. Onyo likapuuzwa, kwa kuwa chombo kile kiliaminiwa kuliko vyote. Darubini ikaona ukungu hata Desemba 1993, wanaanga walipokwenda kuirekebisha.

Mwaka 1997 darubini hiyo ilitiwa chombo kipya cha kuuchambua mwanga katika rangi zake, ili ijulikane nyota imefanyika kwa nini na yaenda kwa kasi gani. Chombo hiki hakiaminiwi bila ushahidi. Ndani yake mna taa za platinamu, ambazo rangi zake zilikwisha kupimwa duniani. Hizo huonyesha kila rangi iangukie wapi. Lakini taa huchakaa, wala haitoshi kupimia ukali wa mwanga. Kwa hiyo chombo huelekezwa pia kwenye nyota chache nyeupe ambazo mwanga wao wajulikana vema. Kazi hii hurudiwa mwaka hata mwaka, maana chombo hupungua nguvu kadiri kikaavyo.

Binadamu naye ana taa ya ndani, ndiyo dhamiri. Wako wasemao kuwa hiyo yatosha: asiyeshtakiwa na moyo wake hana kosa. Laiti ingekuwa hivyo! Mdhalimu hulala usingizi mzuri, kwa kuwa taa yake imefifia polepole bila yeye kujua. Wengine husema tufuate watu tu. Lakini umati nao hupotoka. Twahitaji mashahidi wote wawili, wa ndani na wa nje. Wakipingana, tusimnyamazishe yule tumdhaniaye mnyonge, tuchunguze. Rafiki akuonyaye aweza kukosea, lakini kumkataa kabla ya kumpima ni kosa lililo kubwa zaidi. Ajiaminiye bila kupimwa hajiamini. Aogopa tu kujua.