KISU NA KIPITE MOTONI

Somo: Waraka wa Yakobo, mlango wa 3, mstari wa 1 hata wa 12



Sisi watu wa Kagera tumezaliwa chini ya migomba. Kibanja kimeizunguka nyumba. Humo twapata chakula na kivuli, na humo walizikwa babu zetu. Mwenye bidii hukitunza kibanja chake siku zote. Hutandaza nyasi, hutia samadi ya ng'ombe, hukata majani makavu. Na katika machipukizi ya shina moja huacha mama na mtoto na mjukuu, mengine huyaondoa. Karibu kazi hizi zote zataka kisu. Basi mwezi huu twataka kunena nanyi habari za kisu.

Mwajua ya kuwa uko ugonjwa wa migomba uitwao mnyauko. Wataalamu waliuandika kwanza kule Ethiopia mwaka 1968. Mwaka 2001 ukaonekana kwa jirani zetu wa Uganda, na baada ya miaka michache ukaingia kwetu. Majani hugeuka kuwa ya manjano na kulegea. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukizikata waona weusi ndani. Shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano. Mgomba uliokwisha kushikwa hauna dawa ya kuuponya. Wako wenzetu waliokuwa wakigawia jirani mikungu, kisha wakawa wakinunua ndizi sokoni.

Je, ugonjwa huu husafiri namna gani? Wadudu huubeba kutoka ua hata ua, na machipukizi yaliyotoka katika shamba bovu huuleta. Lakini mara nyingi huchukuliwa na kisu cha mwenye shamba mwenyewe. Asubuhi akata majani ya mgomba mmoja, asijue ya kuwa ni mgonjwa, maana mgomba waweza kuonekana mzima hali umekwisha kuambukizwa. Kisha aenda na kisu kile kile kwa mgomba wa pili, na wa tatu, na wa kumi. Jioni jirani aja kukiazima. Mtu yule adhani ametunza, kumbe ameua.

Wapenzi, Yakobo atufundisha habari za kiungo kidogo kilichomo kinywani mwetu, jinsi kiwezavyo kuharibu mwili mzima. Ulimi wetu ndio kisu kiendacho nyumba kwa nyumba.

Hapa yatupasa kuungama, maana si vema kuwafundisha wengine na kujificha wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kumtazama mgonjwa katika usharika tuliokuwa tukiuchunga. Pale tulisikia neno juu ya mzee mmoja aliyetunza fedha za sadaka, ya kuwa hesabu yake haikutimia. Hatukumwuliza mwenyewe. Tulipofika nyumba ya pili tulilisema neno lile, tukaongeza ya kwamba twalisema ili wamwombee. Juma lililofuata, katika nyumba ya tatu, tulikuta neno limetutangulia, nalo limekwisha kukua. Baada ya Jumapili mbili mahali pa mzee yule kanisani pakawa patupu, na mkewe akaacha kuimba pamoja na kina mama. Wazee walipoketi kuhesabu, hawakuona upungufu hata wa senti moja.

Tulikwenda kwake, tukapiga magoti, tukaomba radhi. Akatusamehe, akarudi kanisani. Walakini kazi ya hazina hakuipokea tena, na hata leo wako watu ambao wakisikia jina lake hutazamana. Sisi tulisamehewa, bali neno tulilolitoa hatukuweza kulikusanya.

Basi na tujifunze kwa mkulima mwenye akili mambo matatu.

Kwanza, akiisha kukata mgomba mmoja hukipitisha kisu motoni, hata kiwe cha moto kisigusike, ndipo auendee mgomba mwingine. Nabii Isaya naye, alipojua ya kuwa midomo yake si safi, aliguswa kwa kaa la moto lililotoka madhabahuni, kisha ndipo akatumwa. Nasi tutokapo nyumba moja kwenda ya pili, na tusimame njiani, tumwombe Bwana asafishe midomo yetu. Tujiulize: Neno hili ni kweli? Mwenyewe amelisikia kwetu?

Pili, mkulima aonapo shina moja limeugua, hulikata upesi karibu na ardhi, asiyaguse yaliyo karibu yake. Na akifanya hivyo mapema, mara nyingi huokoa kibanja. Akingoja kwa kuuonea mkungu huruma, atapoteza mengi. Vivyo hivyo Bwana wetu, katika Mathayo mlango wa 18, atuagiza kumwendea ndugu aliyekosa tukiwa sisi na yeye peke yetu, kabla ya kulipeleka neno mbele ya watu. Kosa na likatwe likiwa dogo, usharika usije ukanyauka wote.

Tatu, lile ua jekundu lining'inialo chini ya mkungu, mkulima mwenye akili hulivunja kwa kijiti chenye panda mara chana ya mwisho ikiisha kutokea, wala halikati kwa kisu. Si kila kazi ya kibanja yahitaji kisu. Nasi yako mambo yasiyohitaji ulimi wetu kabisa. Yatosha kuyapeleka kwa Mungu, na kumpelekea mwenye shida mzigo wa kuni au kikapu cha ndizi.

Ninyi walimu na wazee wa kanisa, ninyi mnaoingia katika nyumba nyingi, mmepewa kisu kilicho kikali kuliko cha wengine. Kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana, kila mmoja na akumbuke nyumba alizopita, na ndugu aliyemtaja asipokuwapo. Akimkumbuka mmoja, na aende kwake leo, wala asingoje kesho.

Bwana Yesu, aliyenyamaza mbele ya washitaki wake, atusamehe maneno yetu, akaulinde usharika wake. Amina.