Machozi Mbele ya Video: Yanatoka Wapi, na Yanatutuma Wapi?



Katika kikao cha vijana cha siku ya Alhamisi, binti mmoja aliinua mkono na kuuliza swali ambalo sisi wazee hatukulitazamia. Alisema hivi: «Papa Shemasi, nikilia kwa sababu ya klipu ya muziki wa dunia, yale machozi Mungu anayahesabu?» Vijana wengine walicheka. Mzee mmoja alijibu upesi kwamba machozi ya namna hiyo yanaletwa na roho isiyo ya Mungu. Kijana mmoja aliyekaa nyuma akasema kwa sauti ya chini kwamba ni mchezo tu, ni sinema, haina neno. Wote wakanigeukia mimi, nami sikujibu. Nilisema saa imekwisha, tukafunga kwa sala.

Saa haikuwa imekwisha. Nilikuwa na sababu ya kunyamaza, na leo nataka kuieleza, hata kama ni haya kwangu.

Jumamosi iliyotangulia kikao hicho nilikuwa nyumbani, hapa Lubumbashi. Umeme ulikuwa umerudi saa kumi na mbili jioni. Mke wangu alikuwa nje akisonga bukari, na binti yangu akaniletea telefoni yake: «Papa, tazama hii, ni ya wakati wenu.» Ilikuwa «Earth Song» ya Michael Jackson. Nikamwambia kwamba naijua. Mwaka 1996 nilikuwa kijana mdogo wa sekondari, tuliingia na wenzangu katika chumba cha video huko Katuba, tukakaa juu ya vibao, na kasete ilikuwa imechakaa hata picha ikawa inaruka ruka. Siku ile hatukulia hata kidogo. Tulingojea acheze ngoma kama tulivyomzoea, hakucheza, tukatoka tukiwa na hasira juu ya pesa yetu.

Safari hii nililia.

Kwa wale wasioijua, nitaieleza kidogo. Wimbo huo ulitoka mwaka 1995. Aliyeongoza upigaji wa picha ni Mwingereza anayeitwa Nick Brandt. Walifanya kazi katika sehemu nne za dunia: katika msitu wa Amazon, huko Karlovac, mji wa Kroatia ulioharibiwa na vita, huko Tanzania, kati ya Wamasai, na huko Warwick, katika jimbo la New York, Marekani. Kwanza tunaona mambo ya uchungu. Msitu unaungua, miti mikubwa inaanguka, tembo amelala amekufa na pembe zake zimeondolewa, jamaa moja inaingia katika nyumba yao iliyobomolewa na mabomu. Kiisha watu wa sehemu hizo zote, wasiojuana, wanapiga magoti na kuingiza vidole vyao ndani ya udongo. Upepo mkali unakuja. Mwimbaji amesimama kati ya miti miwili iliyoungua, amenyosha mikono na kuishika, anapaaza sauti. Na hapo ndipo saa za dunia zinaanza kurudi nyuma. Mti uliokatwa unasimama tena juu ya kisiki chake. Moshi unarudi ndani ya bomba la kiwanda. Tembo anapata pembe zake na kuinuka. Watu waliouawa katika vita wanafumbua macho.

Mambo hayo hayafuati akili ya mchana, yanafuata akili ya ndoto. Tembo alipoinuka, machozi yakaniteremka, nami sikuweza kuyaficha mbele ya mtoto wangu. Lakini sitawadanganya: sikumlilia tembo. Nilimlilia mdogo wangu, ambaye tulimzika mwaka 2004. Kila mtu aliyekaa kwenye kilio anajua kwamba kuna kitu kimoja tu kinachotakwa na wote waliokaa pale chini, na hakuna anayethubutu kukitamka: kwamba siku irudi nyuma. Si mwaka mzima, ni saa moja tu, kabla hajapanda gari lile. Tunaimba, tunasali, tunapokea watu na kuwapa chai, lakini ndani ya moyo ndilo neno linalozunguka. Na sasa mtu mmoja wa Marekani, ambaye hakujua jina la mdogo wangu, alikuwa amelionyesha kwa picha.

Nilikuwa bado napangusa macho niliposikia hodi kwenye lango la parsele. Alikuwa ni mzee wa makala. Amesukuma baiskeli yake toka mbali, magunia matatu yamefungwa juu yake, miguu yake imejaa vumbi hata magotini. «Papa Shemasi, gunia yenu hii hapa.» Ni mimi mwenyewe niliyemwagiza siku ya Jumatano. Akataja bei, nami nikasema imepanda mno, yeye akasema sasa wanakwenda mbali zaidi kuitafuta miti, mimi nikashika bei yangu. Tulibishana kwa ukali. Mwisho alikubali, maana jua lilikuwa limekwisha na hakutaka kurudi na mzigo.

Nilipogeuka, binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, telefoni mkononi. Hakusema neno. Macho yangu yalikuwa mekundu juu ya miti ya Amazon, na mkononi nilikuwa na pesa niliyompunguzia mzee juu ya miti ya kwetu.

Sasa mmeelewa. Yule binti aliyeinua mkono siku ya Alhamisi ni wangu.

Nimefikiri sana juu ya yale majibu mawili. Jibu la mzee wetu nalipokea kwa heshima, kwa sababu yeye amelinda kundi hili miaka mingi. Lakini sisi ni watu wa kanisa linalopokea ndoto na maono, na desturi yetu ni kuyapima, hatuyatupi kabla ya kuyapima. Kama kila picha ya ajabu ingekuwa ya shetani, tungefanya nini na Ezekieli, sura ya 37, mifupa mikavu inapokutana mfupa kwa mfupa na kuvaa nyama? Wazazi wetu walisema vile vile juu ya «Thriller» ya mwaka 1983, kwamba inafundisha uchawi, na kumbe Jackson mwenyewe, ambaye wakati ule alikuwa bado kati ya Mashahidi wa Yehova, aliweka maneno mwanzoni ya kuonya kwamba yeye haungi mkono imani za namna hiyo. Neno hilo nalipita.

Jibu la kijana ndilo lililonisumbua zaidi, kwa maana linafanana na hekima. Ni sinema tu! Na kweli, ule msitu unaoungua ulitengenezwa katika shamba la mahindi huko Warwick. Basi nililia juu ya mahindi? Lakini kumbukeni nabii Nathani alipoingia kwa mfalme Daudi, katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12. Alimwambia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Mwana-kondoo huyo hakuwako popote, wala tajiri, wala maskini. Ilikuwa hadithi tu. Hata hivyo hasira ya Daudi ilikuwa hasira ya kweli, tena ya haki. Aliyekuwa wa uongo ni kondoo, moyo haukuwa wa uongo. Kwa hiyo hatuwezi kusema machozi ni bure kwa sababu picha ni ya kutengenezwa.

Tatizo la Daudi lilikuwa lingine. Alikasirika sana juu ya mtu fulani, na hakujua kwamba mtu huyo ni yeye.

Padri aliyetufundisha katika sekondari, maana nilisoma kwa Wakatoliki, alipenda kutueleza habari za Augustino. Huyu alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa Thagaste, katika nchi inayoitwa leo Algeria. Katika kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika karibu na mwaka 400, anajihukumu kwa sababu ujanani alipenda mno michezo ya kuigiza yenye huzuni. Anashangaa: kwa nini mtu anapenda kulia juu ya mateso ambayo yeye mwenyewe hangetaka kuyapata? Na anaona hatari iko wapi: anayetazama mchezo haitwi kusaidia, anaitwa tu kuhuzunika, na kadiri anavyohuzunika ndivyo anavyomsifu aliyeigiza. Hapo niliona sura yangu kama katika kioo. Nilijisikia mtu mwema. Kwa dakika karibu 7 nilijisikia mwema kuliko majirani zangu wote wa avenyu yetu, na sikuwa nimefanya kitu.

Maono ya Mungu hayaendi hivyo. Petro alipokuwa juu ya nyumba huko Yafa aliona kitambaa kikubwa kikishuka na wanyama wa kila namna. Hiyo pia ni picha ya ajabu, mchana haiwezekani. Lakini angali akijiuliza maana yake, watu wamekwisha kusimama mlangoni wakimwulizia, na ikampasa kushuka na kwenda nao nyumbani kwa Kornelio, mtu ambaye jana yake asingeingia kwake. Someni Matendo ya Mitume, sura ya 10. Na Ezekieli hakuachwa atazame mifupa na kulia. Aliamriwa kusema.

Kwa sababu hiyo naelewa pia jambo lililotokea London tarehe 19 Februari 1996. Jackson alikuwa akiimba wimbo huu mbele ya watu katika sherehe za Brit Awards, naye akijionyesha kama mponyaji. Mwimbaji Mwingereza, Jarvis Cocker, aliruka jukwaani kumfanyia mzaha. Baadaye alieleza kwamba alikataa kuona mtu akijifanya kama Kristo. Huyo Cocker hajulikani kama mhubiri, lakini alikwazika pale ambapo mimi shemasi nilikuwa nalia tu. Mwanadamu anayenyosha mikono kati ya miti miwili na wafu wakaamka kwa sauti yake, hilo lilipasa kunisimamisha. Machozi hayakuuliza ruhusa.

Lakini siwezi kufunga neno hapo, kwa maana kuna habari ya yule aliyeongoza picha zenyewe. Nick Brandt alifika Tanzania mwaka 1995 kwa kazi hiyo ya video, na nchi ile na wanyama wake vikamshika moyo. Kuanzia mwaka 2001 alirudi Afrika ya Mashariki kuwapiga picha wanyama hao, na katika mwaka 2010 yeye na Richard Bonham walianzisha shirika la Big Life, linaloajiri walinzi wa wanyama katika nchi ya Amboseli, penye mpaka wa Kenya na Tanzania. Tembo wa video aliinuka kwa sababu filamu ilizungushwa nyuma. Tembo wa Amboseli wanahitaji mtu anayeamka usiku na kutembea. Basi picha ile ile ambayo kwangu iliishia kwenye kitambaa cha kupangusa macho, yeye ilimtuma. Kwa hiyo siwezi kumwambia binti yangu kwamba klipu ya dunia haiwezi kumtuma mtu.

Na mimi je? Nilitumwa nini? Hodi ilipigwa kwangu kama kwa Petro, wakati ule ule, nami nikashuka kubishana bei.

Msifikiri kwamba neno hili ni jepesi. Daudi alijua kondoo ni wa nani. Mimi mti huo ni wa nani? Kilo 100 za miti mikavu zinatoa kilo 10 mpaka 20 tu za makala, na mji huu wote unapika kwa makala. Pale tulipookota masuku na uyoga tukiwa watoto, leo ni uwanda wa majani. Lakini nikiacha kununua, mzee yule atakula nini? Na mke wangu atasonga bukari kwa moto gani, siku tatu umeme unapokosekana? Wanaosema tuache makala kesho wana jiko lingine nyumbani mwao.

Jumamosi iliyofuata mzee alipita tena. Nilimkaribisha akaketi, binti akamletea maji. Nikamwuliza habari za pori. Alisema mti wa kwetu haufi ukikatwa. Kisiki kinachipuka, na moto ukikiacha, na watu wakikiacha, mti unasimama tena mahali pale pale. Binti akamwuliza, «Baba, kwa miaka mingapi?» Mzee akamwangalia, akacheka. Akasema yeye hajapata kuungoja mmoja mpaka mwisho, kwa sababu wanarudi kabla haujakomaa, njaa haingoji. Lakini pale penye makaburi ya kijiji chao, ambapo hakuna anayekata, ameona visiki vya ujana wake vimekuwa miti ya kukalia kivuli.

Nililipa gunia kwa bei aliyoitaja, nikaongeza na ile pesa niliyompunguzia juma lililotangulia. Aliihesabu mara mbili, kiisha akanirudishia ile ya ziada, akidhani nimekosea.