Chawa Si Simba

Nenda kwenye mchango wowote siku hizi, uwe wa madrasa, wa kisima, au wa mgonjwa anayepelekwa India, hutatoka bila kumsikia mshereheshaji akiinua kipaza sauti na kuita, "Kidole kimoja!" Nao watu huitikia kwa pamoja, "Hakivunji chawa!" Hapo mkoba hupita na majina huanza kusomwa. Fulani elfu tano, Mungu amzidishie. Fulani elfu mbili na mia tano, makofi kwake. Aliyetoa mia mbili husomwa mbio mbio, hata jina la baba yake halitajwi. Asiyetoa kabisa anajua kesho barazani watauliza mbona yeye hakusikika.

Sina ugomvi na michango. Tangu Jomo Kenyatta alipoifanya harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, shule na zahanati nyingi za nchi hii zimesimama kwa fedha za wananchi, nasi wa visiwa vya Lamu tumefaidika kama wengine. Ninachokataa ni kuifanya methali hii kuwa fimbo ya kuwachapia watu mifukoni. Ilisemwa kwa mtu mmoja, sisi tukaigeuza amri kwa umati. Tena mtu mwenyewe aliyelengwa, yule mwenye chawa, tumemsahau kabisa.

Mtazameni huyo mdudu. Chawa si simba. Mtu hapigi mbiu mjini kwa ajili yake. Wahenga walipotaka kusifu nguvu ya wengi hawakukosa maneno: waliutaja umoja, walizitaja haba na haba. Na wahenga wa pwani walikuwa na mfano mkubwa mbele ya macho yao kila kukicha, maana foromali ya jahazi haipandi mpaka mabaharia kadhaa wavute henza kwa pumzi moja, wakiimba ili wasipishane. Ingekuwa rahisi kusema kidole kimoja hakipandishi tanga. Kwa nini basi wakamchagua mdudu asiyefika punje ya mchele, anayejificha kwenye nywele na pindo za nguo, ambaye jirani hamwoni na mwenyewe huona haya kumtaja?

Jibu langu ni kwamba walikuwa wakisema juu ya mambo madogo. Mzigo mkubwa hauhitaji methali. Jahazi likipwelewa, kila mtu anajua haliondoki kwa mkono wa mmoja, na asiyejua atajua baada ya kulisukuma mara moja. Kidole kinachohitaji kuonywa ni kile kinachojidanganya kwamba jambo hili, kwa udogo wake, nitalimaliza mwenyewe. Hupapasa, hubonyeza, na chawa huteleza. Mtu anaendelea kujikuna usiku kucha kwa sababu ya kitu ambacho ukucha wa pili ungekimaliza mara moja.

Na angalieni hesabu yake. Si vidole kumi, si mia. Ukucha juu ya ukucha, basi. Methali hii haina haja ya umati hata kidogo. Inataka mmoja zaidi, naye awe karibu.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu ambaye mimi hukaa naye baada ya sala ya alasiri, hakubaliani nami. Anasema methali ni mali ya wanaoitumia. Kama watu elfu wanaisema kwa maana ya kuchanga, basi hiyo ndiyo maana yake, na mimi ninafukua kaburi lisilo na maiti. Nimemjibu kwamba sawa, maneno huhama, wala sina cheo cha kuyazuia. Lakini methali inapohama ikaacha nyuma onyo ambalo hakuna nyingine inayolibeba, tumepoteza kitu. Za kuhimiza wengi tunazo kwa gunia. Ya kumwambia mwenye kiburi cha upole, yule asemaye "sitaki kuwasumbua watu", aache kujikuna peke yake na amwite mwenzake, tunayo hii. Mwalimu alicheka, akasema mimi mwenyewe ndiye wa kwanza kutosumbua watu. Hakukosea sana, ila hilo halivunji hoja.

Mji wetu wa Lamu ulijengwa, kama kwa makusudi, usimwache mtu na chawa wake. Wageni wanaokuja kuutazama tangu uingizwe katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 husifu milango ya kuchonga na vijia vyembamba. Hawajui vijia vile vinafanya kazi gani. Gari halipiti. Ukuta wa jirani uko mkono mmoja kutoka ukuta wako. Kikohozi cha usiku husikika nyumba ya pili, na kila nyumba kubwa ina daka lake, kibaraza cha mlangoni ambapo mpita njia hukaa bila kuitwa ndani. Katika mji wa namna hii, kuomba msaada mdogo hakuhitaji kupanga siku wala kusafiri. Huhitaji hata kupaza sauti sana.

Chukua punda, maana hapa ndiye lori letu. Anapakiwa mchanga kwenye shogi, lile tandiko lenye mifuko miwili, mmoja ubavu huu na mwingine ubavu ule. Mtu akiwa peke yake, akijaza upande mmoja tandiko zima hupinduka na mchanga kumwagika chini, na punda humtazama kwa jicho lile lao la dharau. Lazima awepo wa upande wa pili, wamimine pamoja, debe kwa debe. Nimewaona wachukuzi wakimsimamisha mtu yeyote apitaye, hata aliyevaa kanzu nyeupe ya Ijumaa: "Nishikie hapa." Naye hushika. Hakuna anayesoma jina lake.

Au mwangalie bibi anayeshona kofia. Kofia ya vito ya mkono huchukua muda mrefu, na huwa na vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Mikono ya bibi bado ina ufundi wote, ila macho yameanza kumkataa. Kushona anaweza, hata kwa kupapasa. Kinachomshinda ni kuupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Hushika sindano juu kuelekea mwanga wa dirisha, akalamba ncha ya uzi, akajaribu, ukapinda. Akajaribu tena, ukapita pembeni. Kisha husikia miguu ya watoto wanaotoka chuo cha Kurani, akaita, "Mwanangu, ndoo unitungie sindano." Mtoto huingia, hutunga tatu au nne kwa mpigo na kuzichomeka kwenye mto ili zimtoshe bibi mpaka jioni, huyo akaenda zake. Kofia ile itakapouzwa, hakuna atakayejua kwamba ndani yake mna kazi ya mtoto wa miaka minane. Lakini bila yeye hapangekuwa na kofia.

Huyo bibi ndiye aliyeifahamu methali kuliko mshereheshaji. Hakuona haya. Angeweza kusema macho yamekwisha, basi nami nimekwisha, akaiweka kazi chini. Au angeweza, kwa ukaidi, kuchoma vidole siku nzima ili asionekane mzee. Aliita. Na kuita kule, nasema, ni nusu nzima ya methali, ndiyo nusu tuliyoiacha.

Maana uzito uko kwa anayeita. Kutoa ni rahisi na kunaleta sifa. Anayetoa huonekana ana. Kuomba humfanya mtu akiri kwamba ana upungufu, tena upungufu mdogo, na udogo wake ndio unaotia haya. Mtu atakuja kwako bila shida kusema nyumba yake imeungua. Hatakuja kusema hawezi kusoma barua aliyoletewa, au kwamba tangu mkewe afariki hajui kupika wali usiungue. Mambo hayo hayachangiwi. Hakuna kamati ya barua, wala kikundi cha simu cha wajane wanaounguza wali. Ni chawa, kila mmoja na wake, chini ya kanzu.

Na hapa ndipo mtindo wetu mpya unapoharibu. Tangu fedha zianze kutumwa kwa simu mwaka 2007 tumepata wepesi ambao hakuna mwenye akili atakayeukataa: mgonjwa wa usiku anaweza kupata nauli ya boti kabla ya alfajiri. Lakini wepesi umezaa orodha. Orodha hutumwa kwa kikundi kizima asubuhi na jioni, jina na kiasi, jina na kiasi, na nafasi tupu mbele ya wale ambao bado. Tumeigeuza haya, ambayo zamani ilikuwa adabu, ikawa chombo cha kukusanyia fedha. Matokeo yake mtu mwenye shida ndogo hunyamaza zaidi, kwa kuwa anajua akifungua kinywa jambo lake litapewa mweka hazina.

Dini yetu, ambayo tunapenda kuinukuu kwenye michango hiyo hiyo, inasema nini? Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtaja miongoni mwa watu saba watakaopata kivuli siku isiyokuwa na kivuli mtu aliyetoa sadaka kwa siri, hata mkono wake wa kushoto usijue wa kulia umetoa nini. Mkono na mkono mwenzake, ndani ya mwili mmoja, inafichana! Sisi tumeiletea kipaza sauti. Wengine watasema kusoma majina kunawatia wengine ari ya kutoa. Labda. Pia kunawatia wengine ari ya kukopa ili wasomwe, na watoto wao wakalala na uji. Wajue watu hao wanaosimamia mikoba kwamba wataulizwa si kwa shilingi zilizoingia tu, bali kwa nyuso zilizoinama zilipokuwa zikihesabiwa.

Nirudi kwenye kidole, maana naona nimepanda mimbari.

Atakayenipinga atasema ninawafundisha watu kuombaomba, na atanitolea ile ya mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hoja ni nzuri, na jibu limo mle mle kwenye ukucha. Chawa havunjwi na kidole cha pili huku cha kwanza kimelala. Vyote viwili hubana. Kimoja kikilegea, mdudu hudondoka, akarudi kwenye shati. Bibi anashona, ameazima macho, hakuazima kazi. Mchukuzi anamimina debe lake. Anayekuita kisha akaondoka kwenda kunywa kahawa, huyo hakukuita umsaidie, alikuita umfanyie, na una haki ya kumwachia punda wake. Methali zile mbili zinakaa nyumba moja bila kugombana.

Na ukipima hivyo utaona pia kwa nini fedha peke yake haitoshi kuitwa kidole. Katika misiba bado hatujaharibika sana, alhamdulillahi. Ikitangazwa msikitini kwamba fulani amefariki, hakuna anayesubiri orodha. Kuna wanaokwenda kuchimba, kuna wanaokwenda kuosha, jeneza linapita mabegani likibadilishwa kila hatua chache, na aliyelibeba huenda hakuzungumza na marehemu kwa miaka. Harusi ndiyo iliyotutoka. Zamani siku mbili kabla ya karamu wanawake wa mtaa walijaa uani, sinia mapajani, wakichambua mchele, wengine juu ya mbuzi wakikuna nazi, na katika mazungumzo yale ndipo mtu alipoweza kusema kwa sauti ya chini kwamba binti yake anamtia wasiwasi, au kwamba ana uvimbe hapa, hebu shika. Siku hizi mchele huja umekwisha chambuliwa kiwandani, na mpishi wa kukodi huja na vijana wake na masufuria yake. Chakula ni kizuri, pengine kuliko cha zamani. Lakini ule uvimbe sasa utaonyeshwa kwa nani?

Hapo ndipo ninapoulizwa na vijana wetu walioko Mombasa, Dubai na kwingineko. Wananiambia: sisi tufanyeje, ikiwa tuko mbali na tulicho nacho ni fedha? Wanauliza kwa uchungu, na wengi wao ndio wanaowalisha wazazi. Ninawaambia endeleeni kutuma, wala msimsikilize anayewaambia fedha yenu ni duni. Ila tumeni bila kutaka kusomwa. Mkipiga simu msiulize tu kama hela imefika. Ulizeni nani anampandisha baba ngazi, na nani humsomea mama karatasi za hospitali. Kama jibu ni "hakuna", basi mtafuteni jirani mumwombe, kwa jina lake, kazi hiyo hiyo moja. Wengi hukubali. Walikuwa wakisubiri kuambiwa, kwa kuwa nao walichelea kuonekana wanajiingiza.

Na mkija Maulidini, mwezi wa Mfunguo Sita, mji unapojaa na kila nyumba ina wageni mpaka darini, msikae mkitazama zefe kwa simu. Ingieni uani mnakopikwa. Mmoja wao aliniambia mwaka uliopita kwamba hajui hata kushika kibao cha mbuzi, atacheka nani? Nikamwambia watacheka wote, kisha watamsogezea nazi.