Amana ya Mwili na Chakula cha Adhuhuri

Mtu aliyealikwa chakula cha adhuhuri, akaandaliwa mikate na chapati kwa ukarimu, kisha akavikataa kwa kuwa ngano humdhuru, je, huwa amekufuru neema ya Mwenyezi Mungu? Hasha, kwani mwili ni amana, na tangu Willem Karel Dicke, tabibu wa Uholanzi, alipobainisha katika tasnifu yake ya mwaka 1950 kwamba ngano ndiyo iwadhuruyo wagonjwa wa siliaki, ambao hata kipande kidogo chaweza kuwaharibia utumbo, udhuru wao ni dhahiri, na sheria ya Kiislamu, yenye kanuni ya kuondoa madhara, haimkalifishi mja ajiumize ili kumridhisha mwenyeji.

Wala riziki haikufungwa katika ngano: Zaka ya Fitri yenyewe, kwa madhehebu ya Shafii yafuatwayo na wengi pwani yetu, hutolewa katika chakula kikuu cha mji, nacho kwetu ni mchele. Wali kwa samaki wa kupaka, muhogo wa nazi kwa kunde, au ugali wa mtama kwa mchicha, ni karamu kamili.

Enyi wenyeji, muulizeni mgeni kinachomdhuru kabla hamjapika.