Maua Meusi ya Bibi Harusi

Tumwite Mwanaidi. Kisa chake nimekiunga kutokana na mambo yanayowapata wanawake wengi wa pwani yetu.

Siku tatu kabla ya harusi mchoraji alimpaka hina mikononi na miguuni, kisha akaizungushia maua ya piko. Hina ni jani. Hukolea kwa saa nyingi, na rangi yake huelekea wekundu au kahawia. Piko ni kitu kingine. Weusi wake hutokana na rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo parafenilenidiamini, PPD kwa kifupi. Umoja wa Ulaya huiruhusu kichwani kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na kuchora nayo kwenye ngozi hauruhusu kabisa. Machoro meusi yaliyopimwa maabara yamewahi kukutwa na zaidi ya asilimia 10.

Usiku wa pili mistari ya maua ikaanza kumwasha.

"Shangazi, mikono inawaka."

"Vumilia, mwanangu. Rangi ndiyo inakolea."

Siku ya harusi malengelenge yalikuwa yameufuata mchoro, jani kwa jani, kikonyo kwa kikonyo. Wanawake wakanong'onezana habari za jicho la hasidi.

Hasidi hakuwepo. Tangu utotoni Mwanaidi alikuwa akichorwa piko kila Idi asidhurike, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeishuku. Mzio wa kugusa haujitokezi mara ya kwanza. Chembe za kemikali hupenya ngozi na kujishikiza kwenye protini zake. Seli za ulinzi huzibeba hadi kwenye mitoki, na huko chembechembe nyeupe hufundishwa kumtambua adui. Somo hilo huchukua siku 10 hadi 14 hivi, na likishaingia kwa kawaida halitoki tena maisha yote. Siku kemikali ileile itakaporudi, ngozi itavimba baada ya siku moja hadi tatu.

Mambo yangekoma hapo, Mwanaidi angekuwa na mzio mmoja, nao ungetosha. Lakini nyumba ya harusi haikosi waganga. Huyu alileta tyubu ya neomisini kutoka duka la dawa, yule losheni yenye manukato mazito, mwingine akapaka dawa ya meno ili ipoze. Vyote vilipakwa juu ya ngozi iliyokwisha chubuka, wiki baada ya wiki, na kila kilipoonekana hakisaidii kiliongezwa kingine.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Ngozi nzima huvipuuza vitu vingi. Neomisini au manukato yakiigusa ngozi isiyo na jeraha, mara nyingi hakuna kinachotokea, kwa sababu machache hupenya, na yanayopenya hayakuti fujo yoyote ndani. Ngozi iliyowaka haiko hivyo. Ukuta wake umebomoka, na seli za ulinzi zimekwisha kuamshwa, ziko macho kutafuta wa kumlaumu. Kitu dhaifu ambacho siku nyingine kingepita bila kuonekana, siku hiyo huandikwa miongoni mwa maadui. Ndiyo maana madaktari huikuta mizio mingi kwa wazee wenye vidonda vya miguu visivyopona: miaka yote hiyo kidonda kimekuwa kikipakwa hiki na kile. Wapo pia wanaozaliwa na ngozi yenye ukuta dhaifu, wakipungukiwa na protini iitwayo filagrini, na hao wana sababu zaidi ya kujihadhari.

Mikono ya Mwanaidi haikupata kupona sawasawa. Ukurutu ukajenga makazi. Akashauriwa avae glavu za mpira akiosha vyombo, ushauri mzuri kwa mwenye ngozi nzima. Lakini ndani ya glavu mlikuwa na jasho, na mpira una kemikali za kuukaza, thiurami mojawapo. Baada ya miezi kadhaa mwasho ukapanda hadi pale glavu zinapoishia.

Kisha mvi zikaanza. Akapaka rangi nyeusi ya kawaida, ya boksi, na kesho yake macho yalikuwa yamefumba kwa uvimbe. Baadaye dawa ya kutia ganzi yenye benzokaini ikamwasha, na nguo moja ya sintetiki ya rangi iliyokoza ikamtoa vipele kwapani. Watu wakasema sasa hata nguo zinamkataa. Ukweli ni kwamba benzokaini na baadhi ya rangi za vitambaa zina umbo linalofanana na PPD, na kinga ya mwili iliyojifunza kumkataa mmoja huwakataa na nduguze.

Hatimaye akapelekwa kwa daktari wa ngozi, aliyesubiri kwanza ukurutu utulie. Mgongo ukipimwa wakati mwili umewaka, unaweza kuvimbia karibu kila kitu, na mgonjwa akarudi nyumbani na orodha ya uongo. Kipimo chenyewe ni kile alichokieleza Josef Jadassohn mwaka 1895: vitu vinavyoshukiwa hubandikwa mgongoni kwa siku mbili, vikabanduliwa, na ngozi ikasomwa siku hiyo na tena siku mbili hivi baadaye.

Mgongo wa Mwanaidi ulijibu mahali pane: PPD, neomisini, manukato, thiurami. Mwenye mizio mitatu au zaidi ya namna hii madaktari humhesabu kuwa na mizio mingi. Daktari akamuuliza historia ya kila kimoja, taratibu, naye akasimulia. Mchoraji alimpa mzio wa kwanza peke yake. Miwili ilitoka kwa waliokuja kumponya, na wa nne ulitoka kwenye glavu za kumlinda.

Akaandikiwa krimu ya steroidi ya muda mfupi na mafuta mazito yasiyo na harufu. Akapewa pia karatasi yenye yale majina manne, amwonyeshe msusi, muuza dawa, na daktari wa meno kabla hajatiwa ganzi.